Bunduki Inayopona Mchana

Jumanne, 21 Mei 2024

Bunduki imekataa.

Nimetoka alfajiri na baridi yake kwenda kijitoni kuangalia nyayo. Tembo watatu, labda wanne. Wamepita jana, wameelekea kusini, bado wako mbali na mashamba. Nikasema nijaribu bunduki kabla sijaihitaji. Nikatoa risasi, nikafunga bolti, nikavuta triga. Kimya. Hata ule mlio mdogo wa tak, hakuna. Triga imelegea kama jino la mtoto. Nikarudia. Nikarudia tena huku naitukana — kimya vilevile.

Imenizidi umri. Kwenye chuma wamegonga 1943. Ilikuwa ya jeshi la Mwingereza, ikazunguka ofisi hadi ofisi, ikaja kuishia huku porini kwangu. Wenzetu wa vituo vya barabarani wana mpya.

Ezekia angejua la kufanya. Miaka yote tuliyokaa wawili kwenye kituo hiki cha wanyamapori kazi tuligawana hivyo: yeye bunduki, mimi jiko. Sasa kastaafu, kaenda kijijini Choma kwa binti yake kuangalia wajukuu na ng'ombe. Mimi nimebaki na vyote viwili. Jiko naliweza.

Nimepanda kichuguu, maana mtandao unapatikana pale juu tu, nikampigia Bi Advera, mkuu wetu Kaliua. Kasema atamtuma fundi silaha. Nikamuuliza, na yule mtu wa kuja nafasi ya Ezekia? Kasema tuvumiliane. Nimevumilia tangu Ezekia apande treni.

Kitanda chake bado kipo. Nimepanga mahindi juu yake ili kisionekane kitupu. Haisaidii.


Ijumaa, 24 Mei

Leo nimepata mgeni!

Nilisikia pikipiki kabla sijaiona, nikaenda kubadili shati. Fundi silaha anaitwa Nassibu. Kijana wa Tabora mjini, wa Isevya, ila kazi iko Kaliua. Kavua kofia ya pikipiki, nywele zote vumbi. "Shikamoo mzee Anselm." Marahaba baba, karibu. Nimejisikia nikisema karibu mara nne au tano kama mtu aliyechanganyikiwa.

Jua lilikuwa la utosi. Kachukua bunduki, kaikagua, kahakikisha haina risasi, kavuta triga. Tak! Safi. Karudia. Tak. Tak. Kila mara. Akanitazama.

Nikamwambia, baba, Jumanne haikulia hivyo. Nimeapa kwa jina la marehemu Tekla, na mke wangu huwa simtaji hovyo. Nassibu kasema wala hana shaka na mimi, chuma cha zamani kina vituko vyake. Labda springi imechoka, inashika siku inayotaka. Ataagiza nyingine.

Nilidhani ataondoka hapo hapo. Hakuondoka. Nikaweka chai, tukala ugali na nsansa, akasifu mboga — alidhani nimeletewa, nikamwambia nimekausha mwenyewe. Akanieleza habari zake. Kuna binti, Hafsa, fundi cherehani huko kwao Isevya. Anamtaka. Mama yake Nassibu hamtaki Hafsa kwa sababu amemzidi mwanawe miaka miwili. "Sasa mzee, miaka miwili nayo ni kitu?" Nikasema si kitu. Akasema mjomba wake naye kaingilia — halafu akaangalia jua, akasimama, akasema nitakumalizia nikija.

Kaondoka alasiri. Nimeosha vikombe viwili. Nimeviosha taratibu.


Jumamosi, 25 Mei

Alfajiri: kimya. Triga imelegea. Saa ya chakula cha mchana: tak, tak, tak.

Hii bunduki ina dharau.


Jumapili, 26 Mei

Hakuna misa. Padri hufika kigango cha huku akipata usafiri, na mwezi huu hakuupata. Nimesali peke yangu, nikaimba ubeti mmoja, sauti ikanichekesha, nikaacha. Binti yangu Martha hakupiga simu. Najua Mwanza kuna shughuli nyingi. Nilikaa juu ya kichuguu hadi jua likaniunguza shingo.

Paskazia kapita. Ni jirani yangu wa pekee, nyumba yake iko ng'ambo ya kijito, na shamba lake ndilo la mwisho kabla ya pori kuanza. Mjane. Mwanawe Kornel yuko Geita machimboni. Kanisalimu chini kwa chini, kwa Kisukuma, kama kawaida yake, "Mwangaluka, afande," huku anacheka. Hilo la afande ananitania nalo tangu anione nafua soksi.

Kaleta michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na shanga mbili za bluu alizozifukua akipalilia. Zinaokotwa sana shambani kwake. Njia ya kale ya misafara ya kwenda Ujiji ilipita hapo hapo, watu walipita na pembe za tembo mabegani mwaka hadi mwaka. Nikasema, walipita na hakuna hata mmoja aliyekaa. Kasema, "Wewe si umekaa?" Nikazitia shanga mfukoni.

Halafu akaniuliza lililomleta. Tembo wameonekana kwenye mtama wa watu wa kusini. Mahindi yake ameshavuna, yote yako kwenye kihenge, chakula cha mwaka mzima. Kihenge chenyewe ni cha fito na udongo, tembo anakisukuma kwa bega. Je, bunduki inalia?

Nikamwambia inatengenezwa. Fundi anakuja. Ukiwaona piga debe, mimi nitafika.

Kasema basi, kama wewe upo nitalala.


Jumatano, 29 Mei

Nassibu kaja na springi mpya, mkate wa Tabora na gazeti la wiki iliyopita. Tena saa sita mchana. Njia ya kutoka Kaliua hairuhusu mtu kufika mapema zaidi, mchanga mtupu.

Kabadilisha springi. Kajaribu, imelia. Tukaenda nyuma kwenye kichuguu kile kilichokufa, nikafyatua risasi moja ya kweli. Bega limeuma, ndege wote wa kijitoni wakaruka. Tumefurahi kama watoto.

Nilichinja jogoo. Sijui kwa nini nimechinja jogoo kwa ajili ya springi.

Mambo ya Hafsa: mjomba kamtafutia Nassibu mchumba mwingine, mwalimu, na kamkaribisha nyumbani bila kumwambia mwenyewe. Nassibu kafika na mafuta ya bunduki mikononi, kamkuta mgeni sebuleni na mama kavaa dhahabu zake zote. Nimecheka hadi machozi. Nikamuuliza ukafanyaje? Kasema nilimpa salamu nikatokea mlango wa uani. Na huyo mwalimu je? "Mzee, hapo ndipo palipo na kazi." Hakumaliza. Jua lilimkimbiza.

Alikaa kwenye kiti cha Ezekia. Sikumwambia ni cha Ezekia.

Kasema bunduki imepona, kwa hiyo ni heri tupeane kwaheri kabisa, labda tuonane Kaliua siku ya mishahara. Nikasema ndiyo, ndiyo. Baada ya pikipiki kupotea nikakaa pale pale nje hadi mbu wakanifukuza.


Alhamisi, 30 Mei

Alfajiri: kimya! Springi mpya na yote.

Nitasema ukweli hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Nilifurahi. Niliposikia ule ukimya kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba Nassibu itabidi arudi, nami nitajua mwalimu aliishia wapi.

Nikapanda kichuguu, nikampigia. Akashangaa. Kasema atakuja Jumatano.

Halafu ndio nikagundua. Nilikuwa nimekaa jikoni na bunduki mapajani, karibu na moto, nangoja chai. Baridi ya asubuhi ilikuwa ile ya kuuma vidole. Nikawa navuta triga bila kufikiri, kama mtu anayechezea kifungo. Haishiki. Haishiki. Chuma kikapata joto la moto. Ikashika. Tak.

Nikaitoa nje kwenye umande. Nikanywa chai yote. Nikajaribu: imekufa. Nikairudisha karibu na moto: imefufuka.

Na nikasikia harufu. Asali. Nikaweka pua pale triga inapoingilia ndani. Asali kabisa. Nikachukua kijiti chembamba nikachokoa, kikatoka na kitu cha njano, laini.

Nta.


Jumamosi, 1 Juni

Nimempigia Ezekia. Ng'ombe walikuwa wanalia nyuma yake, na watoto. Kapiga kelele, "Mdogo wangu!" nikalazimika kuondoa simu sikioni.

Nikamuuliza habari za Choma. Nzuri, tambarare, ng'ombe wengi, miti hakuna. Mkwe wake ni mtu mwema. Anaamka usiku akidhani anasikia kijito. Nikamuuliza, kaka, ile bunduki uliifanyaje ulipoondoka?

Kafurahi kuulizwa. Kasema siku ile ya mwisho, mimi nilipokwenda kumtafutia mkokoteni wa kubeba sanduku lake, aliyeyusha nta yote iliyobaki kwenye mizinga yake ya nyuma ya nyumba, akaipaka bunduki. Chuma chote. Na ndani pia, kila upenyo, aliimimina polepole kwa kijiko. Kwao wote ni warina asali. Baba yake alipaka nta mizinga, mipini, ngozi, viatu, hata mlango. Kitu chenye nta maji hayakiingii. "Nilisema, ninamwachia Anselm peke yake na yeye bunduki haijui. Basi angalau isishike kutu. Vipi, inakufaa?"

Nikasema inanifaa sana. Asante kaka.

Ningemwambiaje? Mwaka jana mafuta ya bunduki yaliisha, ofisi haikuleta, akatumia alichokijua. Joto la Aprili, alipoondoka, halikuonyesha kitu. Baridi ya Mei ndiyo imeigandisha humo ndani, triga hairudi mahali pake mpaka jua liipikie.

Kijiko alichotumia nimekiona. Kipo kwenye kopo la vijiko. Nimekuwa nikikorogea chai na kujiuliza kwa nini kinateleza.


Jumapili, 2 Juni

Dawa yake naijua. Si jambo la kumwita fundi. Mafuta ya taa, maji ya moto, mswaki wa zamani, kitambaa. Kazi ya asubuhi moja. Mafuta ya taa yapo lita nzima.

Sijafanya.

Sababu ya kwanza, hiyo nta ni ya Ezekia. Sababu ya pili, Nassibu anakuja Jumatano.

Nikiisafisha leo, Jumatano hana la kufuata huku. Nani atapanda pikipiki mchanga wote ule kuja kunywa chai na mzee wa porini? Simlaumu. Mimi mwenyewe nisingekuja. Tembo nao wako mbali, nyayo za jana zilikuwa zinaelekea mto mkubwa wa kusini. Na mchana bunduki inalia vizuri. Si kwamba haina kazi kabisa.

Jumatano nitamwambia. Nitamwonyesha kijiti chenye nta, tutacheka.


Jumatano, 5 Juni

Sikumwambia.

Kafika saa sita, bunduki ikalia tak, tak, kama inamwamkia. Kakaa chini. Kafikiri kwa sauti: labda ncha ya pini imelika, labda ubao umevimba unabana. Kafungua huku, kafungua kule, si mpaka ndani kabisa. Mara moja kanusa vidole. Kasema, mzee huku kila kitu kinanuka asali. Nikasema ndiyo, ni nchi ya asali. Hivyo ndivyo nilivyosema, na uso wangu nimeukaza!

Kanitania kwamba labda bunduki ina jini la Kiingereza, linaamka likishakunywa chai ya saa nne. Tumecheka.

Mwalimu: kumbe naye alikuwa na mtu wake. Yeye na Nassibu wamepatana kimyakimya kila mmoja awaambie kwao kwamba mwenzake ndiye aliyekataa. Ila mama yake Nassibu kaumwa presha kwa hasira, sasa Nassibu anaogopa kumtaja Hafsa. Ananiuliza mimi afanyeje. Mimi! Nikamwambia mwache mama apone, kisha mpeleke Hafsa mwenyewe akamshonee gauni. Mwanamke aliyeshonewa gauni likamkaa hasemi tena miaka miwili. Kalifikiria hilo kwa makini. Kasema, "Wallahi mzee, hakuna mtu wa kuniambia maneno haya kule." Kisha akalala kwenye kitanda cha Ezekia, tulikwishaondoa mahindi, akakoroma kidogo. Mimi nilikaa nje nachambua maharage na kusikiliza mtu akikoroma nyumbani kwangu.

Kabla ya kuondoka kasema anakuja Jumanne mara ya mwisho. Asipougundua ugonjwa wa bunduki ataichukua waipeleke Tabora, na huko zikienda hazirudi haraka.

Basi Jumanne nitamwambia. Ni lazima.


Ijumaa, 7 Juni

Nyayo mpya kijitoni, upande wetu. Na kinyesi bado kina joto.

Nimekwenda kwa Paskazia kumtahadharisha. Nimemkuta anakandika udongo kwenye kihenge, nikamsaidia. Kanionyesha ndani — kimejaa mpaka juu. Kaniuliza, bunduki? Nikasema ipo. Sikudanganya. Ipo.

Nimepata njia. Nailaza kitandani. Natoa risasi zote, naifunika blanketi, alfajiri inaamka na joto langu. Leo nimejaribu: imeshika mara ya kwanza! Kwa hiyo shida imekwisha bila kusafisha chochote. Nimejisifu sana.

Mzee wa miaka hamsini na saba analala na bunduki ya Mwingereza, anageuka taratibu asiisukume chini. Tekla angekuwepo angetoka nje kwenda kuchekea huko.


Jumapili, 9 Juni

Baridi kali. Ukungu umekaa kijitoni hadi saa tatu. Bunduki ilikuwa ya moto kitandani, nikatoka nayo kwenda kuchota maji, narudi — imelegea. Safari ya kwenda na kurudi kijitoni tu.

Nilisimama na ndoo. Nilijua nimeona nini. Nikasema kesho nitasafisha, leo Jumapili.

Martha kapiga simu. Kaniuliza kama nina mtu wa kuongea naye. Nikasema ninaye.


Jumatatu, 10 Juni

Debe lililia kabla ya jua.

Niliruka na bunduki kutoka kitandani, bado ina joto, nikaweka risasi, nikakimbia. Viatu sikuvaa. Ukungu ulikuwa mzito, nyasi zina umande wa barafu, maji ya kijito yakanifika magotini, na bunduki mikononi inapoa. Nilihisi inapoa. Nilijaribu kuikumbatia ndani ya shati huku nakimbia.

Walikuwa watatu. Jike mkubwa kaweka kichwa kwenye kihenge, anasukuma bila haraka, kama mtu anayefungua mlango wa kwake. Paskazia yuko mlangoni pa jiko na debe, sauti imemkauka. Akaniona. Akaacha kupiga. Aliacha kwa sababu mimi nimefika.

Nikaelekeza bunduki juu. Nikavuta triga.

Hakuna kitu.

Nikafungua bolti, nikafunga, nikavuta. Hakuna. Yule jike akageuka akanitazama. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu mwenye akili anavyokaribia. Nikavuta tena na tena, kidole kinateleza, naona uso wa Paskazia nyuma ya ukungu unangoja mlio. Kihenge kikalala.

Yaliyofuata yalikuwa kelele tu. Tulichukua debe, sufuria, vijinga vya moto, tukapiga mayowe hadi jua likatoka. Walikula wanavyotaka. Walichobakiza wamekikanyaga na udongo na mavi. Waliondoka wenyewe, na walipopita ukuta wa jiko wakauangusha kwa ubavu.

Jua likapanda. Nilikuwa nimekaa chini, nikavuta triga bila kujua, imeelekea mbinguni. Ikalia. Mlio ukaenda mpaka ng'ambo ukarudi. Paskazia akashtuka. Akaitazama bunduki, akanitazama.

Kisha akaja akakaa kando yangu. Kasema, "Afande, acha kulia. Siyo wewe. Wamekupa kitu kibovu, serikali hii." Akanifuta matope usoni kwa kona ya kanga. Akaona miguu yangu inatoka damu, akaleta maji ya moto.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Akasema, "Ungeweza kukaa kwako. Umekuja peku." Nikaufunga.

Tumeokota punje hadi jioni. Debe mbili na nusu, tena zenye mchanga.


Jumanne, 11 Juni

Alfajiri. Bunduki sikulala nayo. Ililala nje.

Nimeifunga gunia lililolowa maji ya mtungi, nimeiweka kivulini nyuma ya nyumba, nalimwagia maji kila linapokauka. Nataka Nassibu aikute imekufa. Mara moja tu aione imekufa kwa macho yake.

Mafuta ya taa nimeyaweka mezani. Mswaki. Kile kijiti chenye nta. Kijiko cha Ezekia sijakiweka, nimekificha. Sitaki Ezekia aingie kwenye haya. Yeye alinipenda tu.

Paskazia kafika mapema kuliko nilivyotaka. Amevaa kitenge cha kanisani. Kasema amekuja kumweleza fundi mwenyewe, ili Kaliua wajue, wanipe bunduki mpya na mtu wa pili. Kaleta michembe ya kumkaribishia mgeni. Nilimwona ameibeba kwenye bakuli dogo, na najua imebaki kiasi gani.

Nikamwambia Mama Kornel, ngoja kwanza. Kasema nisiwe na wasiwasi, kuzungumza ataweza.


Baadaye, mchana

Wako nje wote wawili. Mimi niko chumbani.

Nassibu kafika na furaha. Hafsa kashona lile gauni! Limemkaa mama. Aliyasema hayo kabla hajashuka kwenye pikipiki. Kisha akamwona Paskazia na kitenge chake, akatulia.

Paskazia kaeleza yote. Hakuacha kitu. Kihenge, jiko, ukungu. Kasema huyu mtu alisimama mbele ya tembo kwa miguu mitupu na kitu kibovu mkononi, hakurudi nyuma. Kasema, "Mwandike hivyo huko kwenu." Nassibu alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa na kijana tangu Martha akiwa mdogo.

Nikaenda nyuma, nikaleta bunduki kwenye gunia lake. Nikampa. Kavuta. Kimya. Kavuta tena. Akasimama kabisa! Nikamwonyesha kijiti. Nikasema nta. Ikiwa baridi inaganda, jua likiwaka inalainika. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, nilijisikia.

Akaifungua mpaka ndani, pale pale mezani. Ilikuwa imejaa njano tupu. Harufu ya asali ikatoka mpaka Paskazia akasogea kunusa. Nassibu anacheka, anapiga paja, anasema wiki zote hizi, mzee, wiki zote hizi nasumbuka na springi! Anasugua kwa mafuta ya taa, anapuliza, anasifu. Paskazia naye kacheka kidogo. Nikawa namimina chai.

Akauliza bila kuinua kichwa, mswaki mkononi, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Sasa mzee, umeigundua lini?"

Paskazia alikuwa ananyoosha mkono kupokea kikombe. Mkono ukabaki pale.

Nikasema nimesahau sukari, ngoja nilete.

Sukari ninayo hapa, mapajani. Nimeipata zamani. Mswaki umeacha kusugua. Kikombe hakigongi meza, na Paskazia ameita mara moja, polepole, siyo afande. Ameita, "Anselm."